Uwanja hauna mnara, upepo unapiga ubavuni: nitue upande gani?

Swali: Shikamoo Kapteni. Nina leseni ya rubani binafsi, na karibu saa zangu zote nimezirukia hapa Dar, uwanja wa Julius Nyerere, ambako mnara wa waongoza ndege ndio unaokuambia utumie njia ipi ya kutua na kuruka. Sasa nimeanza kwenda viwanja vidogo vya pwani na vya hifadhini, ambako hakuna wa kukuambia. Juzi nilifika juu ya kiwanja kimoja nikakuta soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha mwelekeo wa upepo, imeelekea karibu ubavuni kabisa mwa njia, haijajaa vizuri, na rubani mwingine akatangaza redioni kwamba anatua upande ambao kwa macho yangu haukuwa wa upepo. Nikabaki nazunguka mbali mpaka alipotua na kuegesha. Je, nilipaswa kufuata upepo au kumfuata yeye? Na njia inachaguliwaje pale ambapo kila mtu anajiamulia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kubaki unazunguka mbali ulikuwa uamuzi mzuri, na wapo wenye saa nyingi kukuzidi ambao wasingekuwa na subira hiyo. Sasa jibu lenyewe. Upepo ukiwa chini ya noti 5 (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), mfuate mwenzako. Ukizidi hapo na ukawa unaegemea upande mmoja waziwazi, tua kwa upande wa upepo, yaani ukiukabili, ila kaa nje ya mzunguko, ule mduara ambao ndege huufuata kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, mpaka mwenzako amalize au mpatane redioni. Kisichokubalika ni kila mmoja wenu kuwa sahihi kwa upande wake kwa wakati mmoja.

Hizo noti 5 sikuziokota njiani. Marekani, mwongozo wa marubani unaeleza kwamba waongoza ndege hutoa njia iliyo karibu zaidi na upepo unapofika noti 5 au zaidi. Chini ya hapo wanaweza kutoa njia iliyoteuliwa kwa ajili ya hali ya utulivu. Sababu utaiona ukifungua kurasa za utendaji katika kitabu cha ndege yako.

Tuchukue Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja. Kitabu chake kinasema: kwa kila noti 9 za upepo wa mbele, punguza umbali wa kutua kwa asilimia 10, kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, mpaka noti 10, ongeza asilimia 10. Soma tena hapo, maana mizani haiko sawa hata kidogo. Tuseme siku ya joto, usawa wa bahari, jedwali linakupa mita 420 kutoka urefu wa futi 50 mpaka kusimama. Noti 9 zikiwa usoni, unahitaji mita 378. Noti hizohizo zikiwa mgongoni, unahitaji mita 609. Upepo ni uleule na njia ni ileile. Umebadili upande tu, na umelipa mita 231. Hapo bado hujaweka nyasi, ambazo hata zikiwa kavu kitabu hichohicho kinakutaka uongeze asilimia 45 ya ule umbali wa kubiringika baada ya magurudumu kugusa.

Kinacholeta hayo ni kwamba nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wa ardhini, yaani kasi yako ukiilinganisha na ardhi, si na hewa. Ukija na noti 60 za hewani, upepo wa noti 10 ukiwa usoni unagusa ardhi kwa 50. Ukiwa mgongoni unagusa kwa 70. Zidisha kila namba kwa yenyewe uone: 2,500 kwa 4,900. Karibu maradufu. Ndiyo maana ndege zinazopitiliza mwisho wa njia mara nyingi huwa na noti chache tu za upepo wa nyuma ambazo rubani alizidharau, akazijumlisha na mwendo wa ziada aliokuja nao mwenyewe.

Lakini noti 2 au 3 za nyuma kwenye njia ya mita 1,000 iliyo kavu, kwa ndege ndogo, ni gharama unayoweza kuilipa. Kukutana na mtu uso kwa uso katikati ya njia hailipiki.

Kuujua upepo kunaanza kabla hujaondoka nyumbani. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa ambazo kila nahodha wa jahazi anazijua: kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, na kusi, ambayo hushika baada ya masika na kwenda mpaka karibu na Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Njia kuu ya hapa Julius Nyerere ni 05/23, yaani inaelekea karibu nyuzi 050 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kwa hiyo kaskazi ikivuma, anayetumia 05 anaipata karibu usoni. Kusi ikivuma inaipiga njia hiyohiyo ubavuni. Kumbe upepo wa ubavuni unaujua kuliko unavyodhani. Ulichokosa mazoezi nacho ni kuchagua.

Juu ya pepo hizo za misimu kuna ratiba ya kila siku. Usiku na alfajiri hewa nyepesi hutoka bara kwenda baharini. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa bahari unaingia, kwa kawaida kabla ya adhuhuri, na alasiri unakuwa umekolea. Ukitua Saadani saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, usishangae soksi ikiwa imegeuka kabisa. Na msimu wa mvua, wingu kubwa likianza kumwaga maji jirani na uwanja, hewa baridi inayoshuka humwagika pande zote na kuugeuza upepo ndani ya dakika chache. Siku kama hiyo ulichokiona ukiwa juu kinaweza kuwa kimeshapitwa na wakati ukifika fainali, yaani kile kipande cha mwisho ukiwa umeilenga njia.

Taarifa ya upepo ya Dar ichukue kama tetesi ukiwa unakwenda Mtemere au kiwanja kingine chochote cha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kule ni mbali na bahari, na upepo unaopepea bendera za Posta wala haujafika. Utasikia pia watu wakikukumbusha kwamba upepo ulioandikwa kwenye taarifa ya hali ya hewa hupimwa kwa kaskazini halisi, wakati namba za njia hufuata dira: njia 15 ni ile ambayo ukiikabili dira inasoma karibu nyuzi 150, na ukigeuka inaitwa 33. Ni kweli, na Alaska, ambako tofauti inaweza kufika nyuzi 15, jambo hilo lina uzito. Kwetu ni nyuzi chache tu. Halitakubadilishia njia.

Ukiwa safarini, linganisha mwendo wa ardhini unaoonyeshwa na GPS na mwendo wako wa hewani, utapata picha ya upepo wa huko juu. Usiuchanganye na wa chini. Ardhi, miti na nyumba hupunguza upepo na kuupinda, kwa hiyo wa futi 3,000 unaweza kutofautiana na wa uwanjani kwa nguvu na kwa mwelekeo. Anza kuangalia chini mapema. Moshi wa tanuri la mkaa au wa shamba linalochomwa hauna unafiki. Makuti ya minazi hulalia upande upepo unakokwenda. Bwawa au ziwa huwa na ukanda laini kama kioo kwenye ukingo ule ambao upepo unatokea, halafu vijiwimbi huanza mbele yake. Mashua iliyotia nanga kwa kawaida hutazama upepo, ila hii usiiamini peke yake, kwa sababu maji yakiwa yanakupwa au kujaa kwa nguvu yanaigeuza yatakavyo.

Halafu soksi yenyewe. Pita juu ya uwanja ukiwa angalau futi 500 juu ya kimo cha mzunguko, ili usimwingilie aliyemo ndani. Mzunguko ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi, wewe uwe 1,500 au zaidi. Waingereza wana utaratibu wao wa kupita juu kwa futi 2,000 na kushuka upande usio na mzunguko. Wamarekani wengi huingia kwa nyuzi 45 kwenye daunwindi, yaani ule upande unaosafiri sambamba na njia ukiwa na upepo mgongoni. Video nyingi unazozitazama ni za hao wa pili. Wewe fuata kilichochapishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu uwanja husika na alichokufundisha mkufunzi wako. Nia ni moja: kuiona soksi kabla hujajifunga na upande. Upitapo, tazama pia kama kuna ngiri, ng'ombe au bodaboda inayokatiza njia. Kazi mbili kwa mafuta ya safari moja.

Mdomo mpana wa soksi hutazama upepo unakotoka, mkia huelekea unakokwenda. Basi unatua ukitokea mkiani kwenda mdomoni. Wanafunzi wengi wanalijua hili darasani, wakifika juu wanaligeuza, kwa sababu mkia unafanana na mshale na mshale huvuta macho. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka soksi iwe na urefu usiopungua mita 3.6 na mdomo wa kipenyo kisichopungua mita 0.9, ikae mahali inapoonekana na ndege iliyo angani na pasiposumbuliwa na vizuizi vya jirani. Zile zilizotengenezwa kwa kiwango cha Marekani huanza kucheza kwa noti 3 na kunyooka kabisa kwa noti 15. Ikiwa nusu imejaa na nusu imelegea, kadiria kati ya hapo. Ikishanyooka haikuambii zaidi: noti 15 na noti 30 zinaonekana sawa.

Kwenye viwanja vyetu vidogo utakuta soksi iliyochanika, iliyoshikwa na kutu ikawa haigeuki, au iliyosimikwa nyuma ya miembe ambayo ilikuwa midogo wakati inasimikwa. Ukiona soksi inasema hivi na moshi unasema vile, uamini moshi. Ukiona inazungukazunguka bila mwelekeo mchana wa jua kali, hiyo ni hewa ya moto inayonyanyuka kutoka kwenye vumbi. Tarajia kurushwarushwa fainali kwa upande wowote utakaochagua.

Ukishapata mwelekeo na nguvu, gawanya. Huhitaji kikokotoo. Upepo ukiwa nyuzi 30 kutoka kwenye njia, nusu yake inakupiga ubavuni. Nyuzi 45, kama sehemu saba katika kumi. Nyuzi 60 na kuendelea, hesabu kwamba wote uko ubavuni. Tuseme njia ni 15/33 na upepo unatoka nyuzi 110 kwa noti 12. Tofauti na 15 ni nyuzi 40: usoni unapata kama noti 9, ubavuni karibu 8. Hapo 15 imejichagua yenyewe. Upepo ukihamia nyuzi 080 kwa noti 10, tofauti inakuwa 70. Usoni zimebaki noti 3 na kitu, ubavuni 9 na zaidi. Bado 15 ndiyo bora kwa upepo, lakini sasa faida yake ni ndogo kiasi kwamba mambo mengine yanaruhusiwa kupiga kura. Ukihamia 060, njia hazina mkubwa wala mdogo. Nadhani hali yako ya juzi ilikuwa moja ya hizi mbili za mwisho, na hapo swali la maana kuliko lile la upande ni kama uwezo wako wa upepo wa ubavuni unatosha. Watengenezaji wa Cessna 172 walionyesha kuimudu mpaka noti 15 za ubavuni, na ile kubwa zaidi, Cessna Caravan, mpaka noti 20. Waliokuwa usukani ni marubani wa majaribio. Chagua kiwango chako kilicho chini ya hapo, kiandike, na usikibadilishe ukiwa angani.

Mambo mengine yanayopiga kura ni ya uwanja wenyewe. Njia ikiwa na mwinuko, kipimo cha mkono cha marubani wa porini ni kwamba kila asilimia 1 ya mwinuko ni sawa na kubadilisha urefu wa njia kwa kama asilimia 10. Kutua ukipanda kunakusaidia, kuruka ukishuka kunakusaidia. Ndiyo maana kuna viwanja vya milimani ambako kila mtu hutua upande mmoja na kuondoka upande wa pili, upepo upende usipende. Siku ambayo upepo wa nyuma kwenye kiwanja kama hicho unakaribia noti 10, kitabu chako kimeishiwa na namba za kukupa, na jibu ni kwenda kutua kwingine. Tazama pia miti mwishoni mwa njia, minara ya simu, na matope upande mmoja baada ya mvua. Jua la saa kumi na mbili jioni usoni mwako, kioo kikiwa na vumbi, linaweza kukufanya usiione njia kabisa; kwa noti 3 za faida, mimi nitatua upande wa pili.

Sasa turudi kwa yule mwenzako. Huenda alikosea. Huenda pia alijua mwinuko ambao wewe hukuujua, au alikuwa na ratiba ya abiria na akachagua upande unaoelekeana na alikotoka ili aingie moja kwa moja. Hilo la mwisho ndilo la kuangalia sana, maana anayeingia moja kwa moja kutoka mbali mara nyingi hajaiona soksi, ameukisia upepo. Njia ya kujua ni kumuuliza, kwa heshima na kwa maneno machache: ulipo, kimo chako, unauonaje upepo, unakusudia upande gani. Ukimwambia "soksi inaonyesha upepo wa nyuma kwa upande wako, kama noti 8", rubani mwenye akili atakushukuru. Asipobadili, mwache atue. Bendera hufuata upepo, na wewe siku hiyo kuwa bendera bila haya: ukishamwona amesimama na ametoka njiani, tua kwa upande wako.

Na usitegemee redio peke yake. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye uwanja usio na mnara wa Quincy, Illinois, ndege ya abiria ya Beechcraft 1900 ilikuwa inatua njia 13 huku ndege ndogo aina ya King Air ikianza kuruka kutoka njia 04, na njia hizo mbili zinakatana. Wale wa Beechcraft waliuliza redioni kama ndege iliyo kwenye njia 04 inaondoka au inasubiri. Akawajibu rubani wa ndege nyingine ndogo, Cherokee, aliyekuwa nyuma ya King Air kwenye foleni, na sehemu ya jibu lake ikamezwa na sauti ya mtambo wa tahadhari ndani ya Beechcraft. Wakaamini aliyejibu ndiye waliyemuuliza. Ndege ziligongana pale njia zinapokatana, na watu wote 14 waliokuwa ndani ya ndege hizo mbili walifariki. Wachunguzi walitaja kwamba marubani wa King Air hawakufuatilia vizuri masafa wala kuangalia nje. Kwa hiyo ukitangaza, taja jina la uwanja mwanzoni na mwishoni, taja namba ya njia kila mara, na ukijibiwa hakikisha anayejibu ni yule unayemtazama. Ndege isiyo na redio, au yenye redio iliyowekwa masafa mengine, ina haki ya kuwa pale kama wewe. Na sheria ya anga ya kimataifa inampa kipaumbele aliye chini zaidi katika kukaribia kutua, bila kumruhusu kuitumia haki hiyo kumkatiza mwingine mbele.

Umeshachagua, uko fainali. Tazama soksi mara ya pili, kisha tazama GPS. Ukiwa pwani, mwendo wa ardhini ukizidi wa hewani kwa noti 5 au zaidi, upepo uko mgongoni, hata kama dakika tatu zilizopita uliapa kwamba hauko. Nyanda za juu hesabu hii inataka marekebisho, kwa kuwa mwendo halisi huuzidi unaosomeka kwa kama asilimia 2 kila futi 1,000. Kwenye kiwanja cha futi 5,000, noti 65 unazoziona ni karibu 71 hata hewa ikiwa imetulia tuli. Ishara nyingine huja mapema kidogo: ukigeuka kutoka beisi, kile kipande cha mzunguko kinachotangulia fainali, kwenda fainali ukajikuta unapitiliza mstari wa njia, kuna upepo unaokusukuma ambao hukuuhesabu. Usikaze kona ukiwa chini ili kuurudia mstari. Sukuma nguvu, panda moja kwa moja, tangaza kwamba umeghairi, toka juu ya mzunguko upande usio na ndege, uanze upya kwa kuitazama soksi. Mzunguko mmoja wa ziada kwa 172 hauzidi lita chache, na lita hizo ziweke kwenye hesabu yako ya mafuta ukiwa bado uko Terminal One.